Mitaa iliyochorwa ili kututenga

Tangu ghorofa liporomoke Kariakoo, Dar es Salaam, mwezi Novemba 2024, gumzo ni nondo na vibali. Mitaa inayolizunguka haina msemaji, na kisa chake ni kizito.

Sultani Majid aliuanzisha mji wa Dar es Salaam miaka ya 1860, Wajerumani wakaufanya makao makuu mwaka 1891. Wanahistoria James Brennan na Andrew Burton, niliowategemea hapa, wanaeleza kwamba Wajerumani walitaka Waafrika wahame katikati ya mji. Mkesha wa Vita Kuu ya Kwanza, serikali ikanunua shamba la Schoeller, ng'ambo ya Mnazi Mmoja, ili iwahamishie huko kwenye mitaa iliyopigwa kamba. Vita ikavuruga kila kitu. Waingereza waliingia mwaka 1916, wakaweka pale kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na jina likabaki. Amani iliporudi, wakaendeleza mpango uleule wa adui yao bila haya: viwanja Kariakoo, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi ili Mwafrika asikaribiane na Uhindini wala Uzunguni.

Matokeo yake ni kichekesho kichungu. Ukikuta mkokoteni umeziba Mtaa wa Kongo, unakata kona, unapita mtaa wa pili. Waliotubagua walituachia njia.

Tulipojitawala tukachora mipango mikuu, wa 1968 na wa 1979. Sinza na Kijitonyama zilipimwa. Kwingineko watu waliwahi kabla ya wapimaji: mwenye shamba anakata kipande, mjumbe anashuhudia, karatasi inasainiwa, njia haitajwi. Ndivyo ilivyojaa Manzese, kisha mji ukaifuata barabara ya Morogoro hadi Kimara na Mbezi. Mwaka 1967 jiji halikufika watu 300,000. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Huko kusikopimwa, majirani waliopakana uani huzunguka hadi barabara kuu ili wafikiane. Mgonjwa hubebwa mgongoni mpaka gari lilipokwama.

Miaka ya karibuni umekuja urasimishaji: wapimaji wanafika nyumba zikiwa zimeshaezekwa, wanaomba kila mmoja amege hatua mbili ipatikane njia. Wote wanaitaka njia hiyo, ila ipite kwa jirani. Mwenye ukuta anauliza fidia, na fidia haimo kwenye mpango.