Mtumwa wa Mkiani

Kutoka daraja la Nyali ukielekea Bombolulu, matatu hupita Kengeleni. Makanga akiita jina hilo hakuna anayeshtuka, ni steji tu kama steji nyingine. Lakini kengele yenyewe ilikuwepo. Ilikuwa ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru, yaliyoanzishwa na wamishonari wa CMS mwaka 1875. Husimuliwa kwamba ililizwa kuwaonya watu kuwa wafanyabiashara ya watumwa wanakuja.

Jina la mji lilitoka kwa Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa baharini. Juni mwaka huohuo mkataba ukatiwa sahihi, na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Sasa ushike mwaka huo, 1873. Kule Ufaransa, mhandisi Farcot alichapisha kitabu kuhusu mashine aliyoiita servo-moteur. Jina alilichonga kutoka neno la Kilatini, servus, maana yake mtumwa. Na jina la pili alilolipa ni wazi zaidi, moteur asservi, yaani injini iliyotiwa utumwani. Huku pwani, mtu wa nyama na damu alikuwa na safari ndefu bado, kwani sheria ya kufuta utumwa haikufika Mombasa mpaka 1907. Mtumwa wa chuma ndio kwanza alikuwa anapewa jina.

Kazi yake ilianzia melini. Meli za mvuke zilikuwa zimekua mpaka usukani ukawashinda mabaharia. Great Eastern, meli kubwa kupita zote za zama zake, ilifungwa injini ya mvuke ya kugeuza usukani katika miaka ya 1860. Baharia anazungusha gurudumu kidogo, injini inafuata, na ikifika alipotaka inasimama. Hapo ndipo sevo inapoachana na mota ya kawaida. Mota huzunguka tu. Sevo hujipima imefika wapi, ikalinganisha na ilipoagizwa, kisha ikajisahihisha.

Kutoka melini ikapanda hewani, na baadaye ikaingia kwenye ndege za kuchezea. Mwaka 1937 ndugu wawili Wamarekani, Walter na William Good, walirusha ndege ya mfano wakiiongoza kwa redio. Ndege za zama hizo zilitii kwa shida: usukani ulienda kushoto kabisa, au kulia kabisa, au ukarudi katikati. Ni miaka ya 1960 ndipo sevo za kufuata kidole zilipoenea. Ukisogeza kijiti cha rimoti nusu, nayo inasogea nusu. Amri yenyewe ni mpigo mfupi wa umeme: milisekunde 1 ni mwisho wa upande mmoja, milisekunde 2 ni mwisho wa upande wa pili, na 1.5 ni katikati.

Tuseme basi uko Bombolulu, na mezani kuna ndege kubwa ya rimoti, mabawa yake mita 2. Nyuma ya mkia kuna vibao viwili vyenye bawaba, kushoto na kulia. Hiyo ndiyo eleveta. Vikiinuka, pua inapanda. Vikishuka, pua inainama. Ndege ndogo hutumia sevo moja kwa vibao vyote viwili. Lakini sevo hiyo ikifa hewani, huna la kufanya ila kutazama ndege inaangukia wapi. Ndiyo maana wenye ndege kubwa hufunga sevo mbili, kila kibao na yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ila kuna methali nyingine, ya mafahali wawili na zizi moja. Sevo mbili zikifungwa zikitazamana, amri ileile itainua kibao kimoja na kushusha cha pili. Ndege haitapanda, itabiringika. Kwa hiyo moja hupewa chaneli yake, mwelekeo wake unageuzwa kwenye rimoti, kisha inaambiwa ifuate ya kwanza. Na hebu sikia majina ambayo mafundi wamezipa chaneli hizo: ya kwanza bwana, ya pili mtumwa.

Kisha inakuja kazi ya subira. Weka sevo zote mbili kwenye 1.5. Hakikisha mikono yake iko sawa na vijiti vya kusukumia vimetoboa matundu yaleyale pande zote mbili. Simama nyuma ya ndege, upime vibao katikati, juu kabisa na chini kabisa. Vikipishana, mkia utakuwa unaisokota ndege kila ukivuta kijiti. Na kama vibao vimeunganishwa kwa chuma kimoja, sevo zisizolingana zitashindana zenyewe kwa zenyewe: zitalia, zitapata moto na kunywa betri. Kila moja inatii amri yake vizuri kabisa. Haijui kwamba mwenzake yupo. Anayezilinganisha ni wewe.

Je, asipokuwepo wa kulinganisha? Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines safari namba 302 iliruka Addis Ababa kuja Nairobi. Ilikuwa Boeing 737 MAX. Puani ilikuwa na vihisi viwili, kimoja kila upande, vya kupima pua imeinukia upepo kwa kiasi gani. Cha kulia kilisoma nyuzi 15 hivi. Cha kushoto kiliharibika, kikasema 74.5. Programu iliyoitwa MCAS ilikuwa imeundwa kusikiliza kihisi kimoja tu kwa kila safari, na siku ile kilikuwa cha kushoto. Ikaamini pua imepanda mno, ikaiamrisha mota ya mkia iinamishe ndege. Mota ikatii. Ikaamrishwa tena, ikatii tena. Dakika 6 baada ya kuruka, watu 157 walikuwa wamekufa, 32 kati yao Wakenya. Miezi minne na siku kadhaa kabla, MCAS hiyohiyo ilikuwa imeiangusha ndege ya Lion Air kule Indonesia pamoja na watu 189.

Mota ile haikukosea. Ilifanya kile ambacho mtumwa wa Farcot alizaliwa kufanya, na utiifu wake ndio ulioua. Shahidi wa pili alikuwemo ndegeni, anasema kweli, na hakuna aliyemuuliza. Ndege hizo ziliporuhusiwa tena kuruka Marekani, Novemba 2020, programu ilikuwa imebadilishwa. Sasa inasikiliza vihisi vyote viwili, na vikipishana kwa nyuzi 5.5 au zaidi, MCAS haifanyi kitu.

Watu 346 walikufa kabla ya wa pili kupewa haki ya kusema hapana. Hapo Kengeleni watu waliwahi kuijua thamani ya haki hiyo, na nani huwa anailipia inapokosekana.