Uanagenzi Msituni: Mpingo na Vijiji vya Kilwa

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, elimu ya misitu katika nchi ambayo leo ni Tanzania ilikuwa mali ya watumishi wa serikali, waliofunzwa kupima, kupanda na kulinda misitu ya hifadhi iliyotengwa tangu enzi za Wajerumani na Waingereza, ilhali wanakijiji waliopakana na misitu hiyo walihesabiwa kuwa watu wa kuzuiwa. Wilayani Kilwa, mkoani Lindi, mpangilio huo ulianza kugeuka kwa njia ambayo haikubuniwa na wizara: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walifanya utafiti wa mpingo mwaka 1996, kisha 1998 na 1999, na kutokana na safari hizo ikazaliwa asasi ya uhifadhi iliyosajiliwa nchini mwaka 2004.

Mpingo, ambao wataalamu huuita Dalbergia melanoxylon, ni mti mfupi wenye miiba, na kiini chake cheusi huchongwa vinyago na mafundi wa Kimakonde na kutengenezwa ala za kupuliza kama klarineti na obo. Hukua polepole mno, kiasi kwamba huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na mara nyingi hutoa mashina kadhaa yaliyopinda, yenye mashimo au makovu ya moto, hivyo gogo moja hutoa kipande kidogo tu kinachomfaa mtengenezaji wa ala.

Kwa sababu hiyo, uanagenzi, yaani kujifunza kazi kwa kuifanya chini ya aliyeizoea, ulianzia kwenye utepe wa kupimia. Shina huzungushiwa utepe kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, kipenyo kikaandikwa, kisha hutazamwa kama limenyooka na kama ni zima, na kazi hiyo hurudiwa katika viwanja vya sampuli, yaani vipande vya msitu vinavyochaguliwa ili viuwakilishe msitu wote. Mgeni aliyekuja na hesabu alimhitaji mwenyeji aliyeyafahamu mapito, majina ya miti na historia ya moto wa kila kiangazi. Kila mmoja alikuwa mwanagenzi wa mwenzake, na kwa hakika hilo ndilo lililoipa kazi hii uzito kuliko ripoti zote zilizoandikwa.

Wakati huohuo sheria ilikuwa ikibadilika. Sera ya Taifa ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu ya 2002 zilifungua mlango wa usimamizi shirikishi, ambao unakiruhusu kijiji kutangaza msitu ulio katika ardhi yake kuwa hifadhi yake, kuusimamia kupitia kamati ya maliasili na kubaki na mapato ya uvunaji. Mlango huo ulifunguliwa katika saa ya hatari, kwa kuwa daraja la Mto Rufiji lililokamilika mwaka 2003 liliyarahisishia malori safari ya kusini, magogo yakamiminika kuelekea bandarini, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ukakadiria kwamba taifa lilipoteza hadi dola milioni 58 kwa mwaka kwa mirabaha isiyokusanywa, mrabaha ukiwa malipo anayodaiwa mvunaji kwa kila mti.

Kamati isiyojua idadi na unene wa miti yake haikuwa na cha kumjibu mfanyabiashara aliyekuja na bei mkononi. Vijana wa kijiji waliofunzwa kupima waliiwezesha kuandaa mpango wa uvunaji, unaoonyesha miti mingapi inaweza kukatwa bila kuupunguza msitu, na mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata, kupitia asasi ile iliyotokana na safari za wanafunzi, cheti cha Baraza la Usimamizi wa Misitu (FSC), cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili iliyo mikononi mwa jamii. Cheti hicho humhakikishia mnunuzi wa mbali kwamba gogo limevunwa kihalali na kwa kiasi, lakini hakimpimii mtu shina hata moja: wakaguzi hurudi, takwimu huzeeka, miti michanga hunenepa au huungua, na kila kizazi cha wanakamati hulazimika kufunzwa upya kuushika utepe.