Jenomu ya Kirusi Isomwe Karibu na Mgonjwa

Mlipuko wa Ebola ulipotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ilikuwa imepita wiki moja tu tangu Kongo itangaze kumalizika kwa mlipuko mwingine wa ugonjwa huohuo katika jimbo la Équateur, upande wa pili wa nchi. Je, kulikuwa na msafiri aliyeuvusha kutoka magharibi hadi mashariki? Kama ni hivyo, maambukizi yalikuwa yamekatiza nchi nzima bila mtu kuyaona. Wataalamu wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoko Kinshasa, walisoma jenomu za kirusi kutoka kwa wagonjwa wa mwanzo, wakakuta hakikutokana na kile cha Équateur. Ugonjwa ulikuwa umeingia upya kwa binadamu. Tena kilikuwa Ebola ya spishi ya Zaire, ambayo chanjo iliyokuwapo iliilenga, na uchanjaji ukaanza tarehe 8 Agosti.

Kwa mfano huo nashikilia kwamba kusoma jenomu ni kazi ya kudhibiti mlipuko, sawa na chanjo na ufuatiliaji wa waliokutana na mgonjwa, na kwamba manufaa yake hupungua kadiri maabara inavyokuwa mbali na mgonjwa.

Jenomu ya kirusi cha Ebola ina herufi za kikemia zipatazo 19,000. Kirusi kinapojinakili hukosea herufi moja hapa na nyingine pale, na makosa hayo hurithiwa na vizazi vinavyofuata. Wagonjwa wawili wenye makosa yaleyale wako katika tawi moja la maambukizi, hata kama hawajuani. Mwaka 2014, jenomu 99 za Sierra Leone zilizochapishwa katikati ya janga la Afrika Magharibi zilisomwa Marekani, kwa sampuli zilizovushwa bahari. Miaka minne baadaye Wakongo walisoma wenyewe jenomu za mlipuko wao, Kinshasa na Katwa, jirani na Butembo, wakakusanya zaidi ya 700 kabla mlipuko haujatangazwa kwisha Juni 2020.

Faida ya kazi hiyo ilionekana wazi katika mlipuko huohuo, huko Mabalako, mwishoni mwa 2019. Mtu aliyekuwa amechanjwa, akaugua, akatibiwa na kupona, aliugua tena baada ya takriban miezi sita na kufariki. Ama alikuwa ameambukizwa upya na mtu mwingine, na hapo kinga inayotokana na kupona ingetiliwa shaka. Ama kirusi chake mwenyewe kilikuwa kimejificha mwilini kikaamka. Maelezo hayo mawili yanadai hatua tofauti kabisa: la kwanza linakutuma kumsaka mgonjwa asiyejulikana kijijini, la pili linakutaka uwaangalie waliopona kwa miezi mingi baada ya kuruhusiwa. Dalili za ugonjwa haziwezi kuyatenganisha. Jenomu ziliyatenganisha: kirusi cha ugonjwa wa pili kilitofautiana na cha ugonjwa wa kwanza kwa herufi chache mno. Na kutokana na mgonjwa huyo mmoja, wengine 91 waliugua.

Hata hivyo, jenomu peke yake ni bubu. Tawi hupata maana pale inapojulikana nani alimuuguza nani na nani aliosha maiti ya nani, na hayo husemwa na ndugu wa mgonjwa, kwa Kinande au Kiswahili, ikiwa tu wanamwamini anayeuliza. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, kwa hiyo imani hiyo haikupatikana kwa urahisi. Ndiyo maana tangazo kwamba mlipuko umeanzia kwa mtu aliyepona linahitaji uangalifu mkubwa. Likitolewa ovyo, manusura atafukuzwa nyumbani, na mwingine aliye na homa atajificha.

Kivu Kusini ilileta somo jingine. Katika Kamituga, mji wa wachimba dhahabu, ugonjwa wa mpox ulianza kuenea Septemba 2023 miongoni mwa watu, wakiwamo wanawake wanaouza ngono. Jenomu zilionyesha tawi jipya la kundi la I la kirusi cha mpox, lililopewa jina Ib. Lilikuwa na alama nyingi zinazoachwa na kimeng'enya cha mwili wa binadamu kinachopambana na virusi, ushahidi kwamba ugonjwa ulikuwa ukipita kutoka mtu hadi mtu. Na lilikosa kipande cha jenomu ambacho kipimo kimojawapo cha kutambua kundi hilo la I kilikitegemea. Bila kusoma jenomu, maabara inayotumia kipimo hicho pekee ingeweza kumwambia mgonjwa kwamba hana kundi hilo, ilhali analo. Julai 2024 tawi hilo lilikwisha kufika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, na tarehe 14 Agosti Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa.

Wizara za afya za Afrika Mashariki ziweke kemikali za kusomea jenomu na mishahara ya wasomaji katika bajeti za kudumu, badala ya kungoja mfadhili kila mlipuko unapotokea. Na matokeo yamfikie daktari wa wilaya kabla hayajafika kwenye jarida.