Kuta Zilizofundisha Uganga

Katika nchi ya Wasukuma, ambamo Shinyanga na Geita zimo, Bayeye walikuwa chama cha wacheza nyoka na waganga wa sumu yake. Mwanagenzi hakupewa kitabu. Alifunzwa kwa siri nyumbani mwa chama, ambamo kuta zilichorwa nyoka na wazee wa kale. Hans Cory, mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni, alizitolea picha hizo kitabu mwaka 1953; hisani kubwa, maana kuta za udongo hazidumu. Lakini picha ilikuwa ukumbusho kwa aliyekwisha kufunzwa. Msomaji wa leo akifungua kitabu hicho yu kama mgeni aliyechungulia mlangoni: nyoka amemwona, dawa hakufundishwa.