Kura ya Kirkby na Safari ya Everton Kwenda Gatini

Novemba 6, 2018, Gor Mahia ya Kenya iliingia Goodison Park, mjini Liverpool, kucheza na Everton. Nafasi hiyo waliipata kwa kuifunga Simba katika fainali ya kombe la SportPesa iliyochezwa Nakuru mwezi Juni. Haikuwa mara yao ya kwanza kukutana na Everton. Julai 2017 timu hizo mbili zilicheza Dar es Salaam, Wayne Rooney akafunga kwa shuti la mbali, na Everton ikashinda 2–1. Safari hii ilishinda 4–0. Shabiki wa Afrika Mashariki aliyeutazama mchezo ule aliuona uwanja wa namna ambayo imeadimika Uingereza: nguzo za chuma katikati ya majukwaa, viti vya mbao, nyumba za watu ng'ambo ya barabara, na kanisa la Mtakatifu Luka limejibana kwenye kona. Pengine hakujua kwamba wenyeji wake walikuwa wamebishana kwa karibu miaka ishirini kama wauhame au wabaki.

Ubishi huo una mizizi mirefu. Everton ilianza mwaka 1878 kama timu ya kanisa la Kimethodisti la St Domingo, na kuanzia 1884 ilicheza Anfield, uwanja ambao leo dunia nzima inauhusisha na Liverpool. Mwenye uwanja alikuwa John Houlding, mtengenezaji wa bia na mwanasiasa wa mji. Kadiri timu ilivyopanda ndivyo kodi ya pango ilivyopanda, na baada ya Everton kutwaa ubingwa mwaka 1891, Houlding alitaka klabu inunue ardhi yake kwa masharti ambayo wanachama wengi waliyaona ya kinyonyaji. Aliyewaongoza wapinzani ni George Mahon, mpiga kinanda wa kanisa la St Domingo. Simulizi ya klabu inasema kwamba kwenye mkutano mmoja mtu alimpigia kelele kuwa hawana pa kwenda, naye akajibu kwamba uwanja mpya anao mfukoni. Agosti 24, 1892, Goodison Park ilifunguliwa. Houlding, akiwa amebaki na uwanja mtupu, aliunda timu ya kuujaza, nayo ndiyo Liverpool. Kwa hiyo utani wa jadi wa mji ule ulizaliwa kutokana na ugomvi wa kiwanja, na viwanja vyenyewe viko chini ya maili moja kutoka kimoja hadi kingine, bustani ya Stanley Park ikiwa katikati.

Kwa miaka mingi Goodison ilikuwa fahari ya soka la Uingereza. Majukwaa yake mengi yalisanifiwa na Archibald Leitch, Mskoti aliyejenga viwanja vingi vya zama zile. Hapo ndipo Dixie Dean alipofikisha mabao 60 ya ligi katika msimu wa 1927/28, rekodi ambayo bado haijavunjwa. Septemba 1948 watu 78,299 walijazana kuitazama dabi na Liverpool. Katika Kombe la Dunia la 1966, Ureno ilikuwa nyuma 3–0 mbele ya Korea Kaskazini kwenye nyasi zile zile, ndipo Eusébio, mzaliwa wa Msumbiji, akafunga mabao manne na mchezo ukaisha 5–3. Dean mwenyewe alifariki akiwa uwanjani hapo mwaka 1980, alipokwenda kutazama dabi. Na familia nyingi zilizika majivu ya wapendwa wao pembezoni mwa uwanja, hadi klabu ikalazimika kusitisha desturi hiyo kwa kukosa nafasi. Anayeambiwa ahame mahali kama hapo anaambiwa awaache na marehemu wake.

Lakini zama zilibadilika. Baada ya maafa ya Hillsborough ya mwaka 1989, yaliyoua mashabiki 97 wa Liverpool, viwanja vya klabu kubwa Uingereza vililazimika kuweka viti kila mahali, na Goodison ikabaki na nafasi chini kidogo ya 40,000. Katika nyingi kati ya nafasi hizo mtu hakuona goli moja au hata yote mawili, kwa sababu ya nguzo. Kupanua ilikuwa shida: upande huu nyumba, upande ule shule, kwenye kona kanisa. Mwaka 2006 Arsenal ilihamia uwanja wa watu 60,000, na Old Trafford ya Manchester United ikapita 75,000. Fedha za siku ya mchezo zilikuwa zinaipita Everton pembeni, na bila fedha huwezi kuwazuia wachezaji wako wasiondoke.

Jaribio la kwanza kubwa lilikuwa King's Dock, kando ya mto Mersey, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mpango ulikuwa uwanja wa viti 55,000, wenye paa la kufunika na kufunua. Mashabiki waliupenda. Klabu ilitakiwa kutoa pauni milioni 30 za sehemu yake, ikashindwa kuzipata, na mwaka 2003 nafasi ikapotea. Mahali hapo sasa pana ukumbi wa matamasha. Waevertoni wa umri fulani ukiwatajia King's Dock hata leo, utaona uso unabadilika.

Kisha ikaja Kirkby, na hapo nyumba ikagawanyika.

Kirkby ni mji mdogo nje ya mpaka wa Liverpool, chini ya halmashauri ya Knowsley. Wapo Waevertoni wengi wanaoishi huko, wengi wao wakitoka katika familia zilizohamishwa kutoka mjini baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mpango ulikuwa wa pande tatu: klabu, halmashauri na Tesco, kampuni ya supamaketi. Tesco ingejenga duka kubwa mno na eneo la biashara, na faida ya maendeleo hayo ingesaidia kujenga uwanja wa viti zaidi ya 50,000, klabu ikitoa kiasi kidogo tu. Bill Kenwright, mwenyekiti aliyeipenda Everton tangu utotoni, aliamini hiyo ndiyo njia pekee iliyobaki. Mashabiki waliambiwa wazi kwamba hakuna mpango mwingine.

Agosti 2007 wenye tiketi za msimu na wenye hisa waliitwa kupiga kura ya maoni. Waliosema ndiyo walikuwa 15,230, waliosema hapana 10,468. Asilimia 59 dhidi ya 41. Klabu ilisema imepata idhini. Lakini klabu ya mpira haiongozwi kama bunge, na wale 10,468 hawakukaa kimya. Walikuwa tayari na umoja wao, Keep Everton In Our City, maana yake Everton ibaki mjini kwetu. Katika nyumba moja baba alipiga ndiyo na mwana hapana. Watu waliokaa viti jirani miaka mingi waliacha kusemezana.

Nawaheshimu waliosema ndiyo. Waliona timu yao inaachwa nyuma, wakaambiwa mlango ni mmoja. Lakini wapinzani waliuliza maswali ambayo kampeni ya klabu haikuyajibu vizuri. Je, maelfu ya watu watafikaje Kirkby jioni ya Jumatano na kurudi, kwa reli na barabara zilizopo? Uwanja wenyewe utakuwa wa hadhi gani, ikiwa umebuniwa kulingana na bajeti ya duka? Na swali lililokuwa chini ya yote: Everton ikitoka Liverpool, mji utabaki na timu moja. Idadi ya viti haikuwa kiini cha ugomvi. Karibu wote walikubali kwamba Goodison imezeeka.

Serikali iliitisha uchunguzi wa hadhara, na Novemba 2009 waziri akaukataa mpango. Sababu kubwa ilikuwa ukubwa wa maduka yale, ambayo yangeua biashara katika miji jirani. Kwa hiyo aliyeamua mwishoni hakuwa shabiki wa upande wowote.

Wazo jingine lilirudi kila mara: Everton na Liverpool wajenge uwanja mmoja. Kwa msomaji wa Dar es Salaam, ambako Simba na Yanga wameutumia kwa miaka uwanja mmoja wa serikali, hilo halina ajabu. Kule Liverpool pande zote mbili zililipinga, na watani wao hatimaye wakaamua kubaki Anfield na kuipanua.

Mwaka 2017 klabu, wakati huo chini ya mwekezaji Farhad Moshiri, ilichagua gati la Bramley-Moore, lililofunguliwa mwaka 1848. Safari hii mashabiki walishirikishwa mapema, makumi ya maelfu wakatoa maoni, na hakukuwa na mgawanyiko wa kutaja. Ni ndani ya mji, kando ya mto. Halmashauri iliidhinisha Februari 2021. Gharama nyingine zilikuja: Julai mwaka huo UNESCO iliiondoa Liverpool kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, ujenzi wa bandarini ukitajwa miongoni mwa sababu. Agosti 2023 mfanyakazi mmoja, naye shabiki wa Everton, alifariki kwenye eneo la ujenzi. Msimu wa 2023/24 klabu ilikatwa jumla ya pointi 8 kwa kuvunja kanuni za fedha, huku ikiubeba mzigo wa mamia ya mamilioni ya pauni za uwanja. Ilinusurika, na Desemba 2024 ikapata wamiliki wapya, Friedkin Group.

Mei 18, 2025, timu ya wanaume ilicheza mechi yake ya mwisho Goodison na kuifunga Southampton 2–0, mabao yote ya Msenegali Iliman Ndiaye. Agosti 24, miaka 133 kamili tangu Goodison ifunguliwe, ilicheza mechi ya kwanza ya ligi katika uwanja mpya wa watu zaidi ya 52,000, ikaifunga Brighton 2–0. Ndiaye akawa wa kwanza kufunga bao la ligi huko.

Nikiutazama uwanja ule kando ya Mersey, nahukumu kwamba waliosema hapana mwaka 2007 waliona mbali. Miaka kumi na minane ya kungoja iliumiza, tena iliigharimu timu vikombe na wachezaji. Hata hivyo Everton imehama bila kutoka mjini kwake. Na kuna jambo jingine: Goodison haikubomolewa. Mei 2025 klabu ilitangaza kwamba itakuwa makao ya timu ya wanawake, na tangu msimu wa 2025/26 ndio wanaocheza hapo.