Mitumba, kijiji kilichofikisha haki ya makao Mahakama ya Juu

Januari 11 mwaka huu wa 2026 ilitimia miaka mitano tangu Mahakama ya Juu ya Kenya itoe uamuzi kuhusu Mitumba, mtaa wa mabanda uliokuwa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Wengi wanaoishi chini ya mabati jijini hawajui kwamba hukumu hiyo ni yao.

Nairobi ilizoea kuwatimua wanyonge mapema. Mkoloni alimtaka Mwafrika kuwa kibarua, hakumtaka kuwa mwenyeji, na aliyekosa kipande, kitambulisho cha kikoloni, alikamatwa. Aprili 1954 ukaja msako wa wakoloni ulioitwa Operesheni Anvil, maelfu wakazolewa. Uhuru haukuisimamisha desturi hiyo: mtaa wa mabanda wa Muoroto ulibomolewa Mei 1990, damu ikamwagika.

Ya Mitumba yalianza Septemba 2011, Katiba mpya ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu. Tangazo lilichapishwa gazetini: wakazi wahame katika siku saba. Familia 3,065, zaidi ya watu 15,000, zilitakiwa kufungasha maisha yao kwa wiki moja. Walikimbilia Mahakama Kuu kupitia chama chao, Mitu-Bell, wakapata agizo la kuzuia ubomoaji. Agizo likiwa bado na nguvu, Novemba matingatinga yakaingia, nyumba zikasawazishwa na ardhi.

Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ilijitetea kwamba makazi yale yalikuwa kwenye njia ya ndege, hivyo yalihatarisha usalama. Hoja hiyo ina uzito. Lakini usalama wa rubani hauhalalishi kumlaza mtoto kwenye matope huku agizo la korti likipuuzwa.

Aprili 2013 Jaji Mumbi Ngugi aliwapa wakazi ushindi. Aliegemea Kifungu cha 43 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya makao ya kutosha, akaiamuru serikali ieleze mahakamani, katika siku 60, sera zake za kuwapa maskini makao. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikaufuta ushindi huo, ikisema jaji akishatoa hukumu kazi yake imekwisha, hawezi kuendelea kuisimamia serikali. Wakazi hawakukata tamaa. Mahakama ya Juu iliwasikiliza, ikatamka kwamba watu wasio na ardhi wakijenga makazi kwenye ardhi ya umma hawapati hatimiliki, ila wanapata haki ya makao ambayo mahakama itailinda. Ikaongeza kwamba jaji anaweza kuendelea kufuatilia utekelezaji wa amri zake. Kesi ikarudishwa Mahakama Kuu ili wakazi watafutiwe nafuu, zaidi ya miaka tisa baada ya mabanda yao kuvunjwa.

Mei 2024, baada ya mafuriko, matingatinga yaliingia mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru kwenye kingo za mito. Waliobomolewa nyumba waliahidiwa shilingi 10,000 kwa kila familia. Ni aibu kwa taifa lenye hukumu kama ile ya Mitumba kuwafurusha watu kwanza, kisha ndipo liwaze watalala wapi.

Msomaji unayeishi mtaa wa mabanda, Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka notisi ya miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu kwenye ardhi ya umma. Ukiletewa ya siku saba, nenda mahakamani na wenzako siku hiyo hiyo.