UZI: Vita, Twitter na hesabu ambayo Eldoret haikupewa

Kila vita vikitajwa kwenye mjadala wa siasa, lazima mtu atasema "mambo ya jeshi ni siri, wacheni." Mwingine anajibu "ni watoto wetu, tuambiwe." Mimi ni wa Yamumbi, na kwa hili Eldoret ina lake la kusema. Kaeni nami kidogo.

Oktoba 2011 KDF ilivuka mpaka kuingia Somalia, Operesheni Linda Nchi. Tulizoea afisa mwenye magwanda anasoma taarifa kwa habari ya jioni, maswali mawili, imeisha. Mara hii msemaji wa jeshi, Meja Emmanuel Chirchir, alikuwa Twitter. Mwanzo wa Novemba akaposti majina ya miji kumi ya Somalia itakayoshambuliwa, eti wenye ndugu huko wawaarifu. Shida ni kwamba Baidoa ilitokea mara mbili, kwa sababu Baydhabo ni Baidoa ile ile.

Kisha wakaja punda. Msafara wa punda waliobeba mizigo ungehesabiwa kuwa wa Al-Shabaab. Jameni, tulicheka. Lakini mchuuzi wa Afmadow anayeishi kwa punda wake hakuwa na Twitter ya kusomea hilo onyo.

Desemba Al-Shabaab nao wakafungua akaunti, Kiingereza kimenyooka, wakaanza kurushiana maneno na Meja dunia nzima ikitazama. Januari 2012 Meja aliweka picha ya mtu anayepigwa mawe, akisema ni Mkenya aliyeuawa Kismayu. Picha ilikuwa ya 2009. Aibu, ndiyo. Ila angalau kosa lilifanyika hadharani na watu wakalijibu hapo hapo.

Westgate, Septemba 2013, nitapita haraka: akaunti za serikali zilisema jengo limedhibitiwa, na bado mambo yakaendelea hadi siku ya nne.

Sasa El Adde. Ijumaa, 15 Januari 2016, alfajiri. Kambi ilikuwa na vijana wa batalioni ya 9 ya Kenya Rifles, makao yao Moi Barracks, hapa hapa Eldoret. Taarifa ya kwanza ya jeshi ilisema kambi iliyovamiwa ni ya jeshi la Somalia iliyo jirani. Picha zikaanza kuzunguka WhatsApp, tukaonywa tusizisambaze, na mwanahabari mmoja akakamatwa kwa alichoposti.

Tarehe 27 ibada ya kumbukumbu ilifanyika Moi Barracks. Marais watatu walikuja: wa Kenya, wa Somalia na wa Nigeria. Hotuba zilitolewa, familia zimeketi pale. Hesabu ya waliokufa haikutajwa. Mwezi uliofuata rais wa Somalia akasema kwenye televisheni kwamba walikaribia 200, jeshi letu likakanusha bila kutoa namba yake. Baadaye mwaka huo CNN ikaripoti wasiopungua 141. Na Aprili Al-Shabaab walikuwa wametoa video yao.

Sisi wa Yamumbi tunajua kimya cha aina hiyo kinazaa nini. Matangazo ya moja kwa moja yalipigwa marufuku 30 Desemba 2007, na nafasi ikajazwa na SMS: nani anakuja usiku huu, anapitia upande gani. Nyingine zilikuwa uongo mtupu, lakini usiku ule ungejuaje? Watu walifunga virago kwa kusoma simu.

Nakubali vita vina siri zake. Mahali vikosi vilipo, njia watakayopita, hayo hata mimi sitaki kuyasoma kwenye simu. Lakini angalia tulichofanya: 2011 tukaposti miji tutakayopiga, 2016 tukaficha idadi ya maiti zetu. Idadi hiyo Al-Shabaab walikuwa nayo tangu asubuhi ile ile, wao ndio waliobaki kambini wakipiga video. Kwa hivyo tulikuwa tunamficha nani?

Mwanasiasa akikuambia kwenye mjadala "usalama wa taifa," muulize swali hilo moja kisha umpe muda ajibu. Asikuzungushe.

Kama ulikuwa na mtu wako El Adde, pole sana. Usiweke jina lake hapa chini, watu wa mitandao hawana adabu. Inbox yangu iko wazi.